Mbu Yupi? Sayansi ya darasani na maamuzi ya afya huku Kusini

Mwaka 1952 uwanda wa juu wa Makonde, hapa Newala, kusini mwa Tanzania, na kwa majirani zake, uliingiwa na ugonjwa ambao hakuna daktari aliyeujua. Mtu alilala mzima, akaamka na homa kali na viungo vinavyouma hata hawezi kunyooka. Marion Robinson na W. H. R. Lumsden waliandika habari za mlipuko huo mwaka 1955, na mwaka uliofuata R. W. Ross akaeleza jinsi kirusi chenyewe kilivyopatikana. Kikapewa jina la Kimakonde, chikungunya, na kimezunguka nalo dunia nzima. Mwaka 2005 na 2006 kilivitikisa visiwa vya Bahari ya Hindi, na mwaka 2013 kikafika Karibi.

Nafundisha baiolojia na kemia katika sekondari moja ya kata huku huku Newala, na kila nikifika mada ya magonjwa ya kuambukiza naanzia hapo. Wanafunzi hucheka kwanza, kwa fahari ya ajabu, wakisikia kwamba madaktari wa Brazil hutamka neno la bibi zao. Wakishamaliza kucheka nawauliza: kwa nini hapa?

Jibu linakuja haraka. "Madimbwi, Mwalimu."

Madimbwi gani? Uwanda huu ni mchanga unaoinywa mvua yote na kuizamisha mbali. Nenda Shimo la Mungu, simama ukingoni, tazama bonde la Ruvuma kule chini, ndipo utaelewa kwa nini mama zetu walikesha njiani na mitungi kichwani. Maji yaliyopandishwa mlima kwa tabu ile hayamwagwi ovyo. Yanawekwa: kwenye mtungi, kwenye pipa, siku hizi kwenye ndoo, kwenye simtanki na kwenye visima vya kuvunia mvua. Lumsden aliikuta hali hiyo hiyo, maji yaliyowekwa ndani na mbu aina ya Aedes aegypti wamejaa majumbani. Kwa hiyo kilichowalea mbu wale ni uhaba wa maji, jambo ambalo darasa zima hulikataa kwa dakika kadhaa kabla ya kulikubali.

Hulikataa kwa sababu wamefundishwa vizuri. Tangu shule ya msingi wanakariri: mbu huleta malaria, fyeka nyasi, fukia madimbwi, lala ndani ya chandarua. Yote ni kweli kwa mbu wa malaria, Anofelesi, anayeuma usiku. Aedesi ana mabaka meupe miguuni na huuma mchana, wakati wewe unapeta mahindi au unasubiri bodaboda. Chandarua kitamsaidia mtoto mchanga anayelala mchana, lakini mama yake aliyeko jikoni hakimhusu. Kauli ya bango inakupa jambo moja la kufanya kwa tatizo moja. Likija tatizo la pili linalofanana na la kwanza, unafanya lile lile, ukiamini umejikinga.

Basi tunatazama kwa macho. Wanafunzi huleta maji kutoka vyombo vya nyumbani ndani ya chupa za plastiki zilizokatwa shingo, tunazifunika kwa kipande cha chandarua chakavu na kufunga kwa mpira, kisha tunaziweka dirishani. Viluwiluwi vya Aedesi huning'inia kichwa chini, vimetoboa uso wa maji kwa kijibomba chao cha kupumulia. Pitisha mkono juu ya chupa, kivuli kikiangukia maji, vyote vinazama kwa kujinyonganyonga. Baadaye vinakuwa pupa wenye umbo la koma, halafu asubuhi moja pale juu ya maji kuna mbu mkavu, amesimama kwenye kitambaa chetu akitafuta pa kutokea. Kwa joto letu safari hiyo inakwisha kwa wiki moja au siku kumi. (Mbu wote huuawa kabla chupa haijafunguliwa. Mwalimu mkuu ameshaniuliza zaidi ya mara moja.)

Mama mmoja alikuja shuleni akiwa na hasira kidogo. Mwanawe alikuwa amemwaga maji ya mtungi. "Wale ni wadudu wa maji, Mwalimu. Maji yenye wadudu ndiyo maji yasiyo na sumu." Hoja yake haikuwa ya kijinga, kwa kuwa maji yenye sumu kali kweli hayana kiumbe hai. Nilimpeleka dirishani. Alitazama chupa kwa muda, akamwona mbu na lile ganda alilolivua likielea, akasema tu, "Kumbe." Kisha akauliza swali ambalo hakuna bango lililowahi kuniuliza: akimwaga maji, akajaza mengine, wanatoka wapi tena? Wanatoka kwenye kuta za mtungi. Jike la Aedesi hubandika mayai juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo hustahimili ukavu kwa miezi. Ukijaza tena, yanaanguliwa. Kwa hiyo dawa ya mtungi ni kuusugua kwa ndani, shingoni hasa, kisha kuufunika kwa kitambaa kisichopitisha mbu. Hakulazimika kumwaga hata kikombe cha maji ya kunywa, maana angeweza kuyachuja na kuyahamishia kwenye chombo kingine kilichosuguliwa. Kwa nyumba inayonunua maji kwa ndoo, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama ushauri utafuatwa au utaachwa.

Ninachoamini, baada ya kufundisha huku kwa muda, ni kwamba watu wa Kusini wanafanya maamuzi ya afya kwa kufikiri, na wanafikiri vizuri. Wanapopotoka, mara nyingi ni kwa sababu wamepewa amri bila sababu yake, wakaijaza sababu wenyewe kwa walichonacho.

Chukua kingatiba ya matende na mabusha, yaani dawa ya kinga inayogawiwa kwa wote, wagonjwa na wazima. Mimi ni mzaliwa wa Lindi, pwani kabisa, na huko hakuna asiyemjua mtu mwenye mguu uliovimba au mzee anayeficha busha chini ya kikoi. Likizo moja nilikuwa barazani kwa bibi yangu alipofika kijana mgawa dawa, na daftari lake na kile kijiti cha kupimia urefu, kwa maana vidonge vya ivamektini kwenye zoezi hili hupangwa kwa urefu wa mtu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja na fimbo yako tena?"

"Ni dawa, bibi. Ya matende."

"Mimi nina matende? Tazama miguu hii." Akapandisha khanga hadi magotini. "Dawa humezwa na mgonjwa. Halafu mwaka ule nilimeza, nikawashwa usiku kucha, na homa juu. Dawa gani inamkuta mtu mzima inamwacha mgonjwa?"

Kijana akasema sisi tumeagizwa tu, bibi. Mazungumzo yakafia hapo.

Itazame hoja ya bibi kama ungetazama jibu la mwanafunzi. Ana uchunguzi (miguu mizima), ana tokeo baada ya tendo (muwasho baada ya dawa), na ametoa hitimisho. Kinachokosekana ni taarifa mbili. Ya kwanza ni kwamba minyoo ya matende hukaa kwenye mishipa ya limfu, na mtu anaweza kuibeba miaka na miaka bila mguu kuvimba hata kidogo. Ya pili ni kwamba minyoo hiyo huzaa vijinyoo vichanga kwa mamilioni, vinavyoingia kwenye damu hasa usiku, saa zile zile ambazo mbu anayeieneza anauma. Ndiyo maana watu wa maabara waliokuwa wakivitafuta kwa darubini walichukua damu usiku, na watu wakawazulia kila aina ya maneno. Ivamektini inaviua vijinyoo hivyo. Vikifa vingi kwa pamoja, mwili unapambana na mizoga yake, na hapo ndipo zinapotoka homa, kichwa kuuma na muwasho.

Nilimweleza hivyo, pole pole, tukimenya mihogo. Alinyamaza kidogo. "Kwa hiyo walikuwemo?"

Huenda walikuwemo, bibi. Muwasho peke yake si cheti, lakini mara nyingi ndivyo ilivyo.

Nikamsimulia pia habari za Patrick Manson, daktari aliyekuwa China, ambaye mwaka 1877 alionyesha kwamba mbu aliyemnyonya mtu mwenye minyoo hii anaichukua na inakua ndani yake. Manson huyo huyo akadhani kwamba watu wanaipata kwa kunywa maji waliyofia mbu. Alikosea, na wengine wakaja kurekebisha. Bibi alilipenda zaidi hilo la kukosea kuliko la kugundua. Mtaalamu anayekubali kusahihishwa, alisema, huyo anaweza kuaminiwa kidogo.

Jioni alimtuma mtoto akamwite kijana. Lakini nisiache picha kwamba elimu ikimwingia mtu basi anameza kila anachopewa. Nyumba ya tatu kutoka pale, dada mmoja aliyekuwa na mimba changa, ambayo hata mama mkwe alikuwa hajaambiwa, alijua kwamba wajawazito hawapewi dawa hizi. Akikataa mbele ya watu, siri imetoka. Akimeza, anakiuka analolijua. Akamnong'oneza kijana, "Niandike nimesafiri." Kwangu mimi huo ni uamuzi wa mtu aliyeelimika, pengine bora kuliko wa bibi, na kwenye daftari la zoezi unaonekana kama upungufu. Anayetaka sayansi ifundishwe ili watu wawe watiifu atavunjika moyo. Mtu anayejua sababu anajua pia lini sababu hiyo haimhusu.

Kwenye mihogo hali ni kinyume kidogo, kwa sababu huko ujuzi ulikuwepo kabla ya mwalimu. Nani huku Kusini hajui kwamba mihogo michungu haitafunwi shambani? Tunaipanda makusudi, maana nguruwe pori na nyani wanaiogopa. Ninachokifanya darasani ni kuonyesha kwamba bibi zetu walikuwa wanafanya kemia. Ndani ya seli ya muhogo kuna kemikali iitwayo linamarini sehemu moja na kimeng'enya cha kuivunja, linamarasi, sehemu nyingine. Havikutani mpaka seli ivunjwe. Vikikutana, mwisho wake inatoka sianidi, ambayo huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi, yaani mchana wa kawaida tu wa hapa. Twanga, kwaruza au loweka mpaka muhogo ulainike, seli zinavunjika, sumu inapaa. Ukiumenya na kuukata vipande vikubwa ukaanika makopa juani haraka haraka, seli nyingi zinakauka zikiwa nzima, na linamarini inabaki ndani ikisubiri.

Hapo ndipo njaa inapoleta hatari. Mwaka wa ukame muhogo wenyewe huongeza sumu, akiba imekwisha, na mama hana siku za kungoja, kwa hiyo hatua zinafupishwa. Ukiongeza ukosefu wa protini, hasa ile yenye salfa ambayo mwili huitumia kuivunja makali sianidi, unapata konzo: miguu inakakamaa ghafla, na haiponi. Watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa ndio wanaoathirika zaidi. Ugonjwa huu umewahi kubainika hapa hapa mkoani Mtwara, si hadithi ya Kongo peke yake. Ukimwambia mama mwenye njaa "andaeni mihogo ipasavyo" hujamwambia kitu. Ukimweleza kwamba anachotakiwa kukifanya ni kuvikutanisha vile vitu viwili na kuiachia hewa ipae, atatafuta njia kwa alichonacho. Mojawapo ilipendekezwa na Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, na haihitaji chombo chochote kipya. Unga wa muhogo unalowanishwa kwa maji, unatandazwa kwa tabaka jembamba, saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha unasongwa ugali siku hiyo hiyo. Maji yanakiamsha kimeng'enya kilichobaki. Wanafunzi wakielewa makopa, wanaelewa hilo bila mimi kulieleza. Na dagaa kando ya ugali ule, hata wachache, si mapambo.

Kuhusu vipimo vya malaria nitasema machache. Mzazi anayeambiwa "hana malaria" huku mtoto anaunguza kama jiko hulaumu kipimo, anapita duka la dawa na kununua dawa mseto. Lakini angefundishwa kukisoma kile kibati cha kipimo! Mstari wa C upo ili kipimo kijipime chenyewe, na usipotokea, majibu yote hayana maana na kipimo kirudiwe. Ukitokea peke yake, kipimo kimefanya kazi na protini ya kimelea haikuonekana, hivyo homa ile inatafutiwa chanzo kingine, ambacho kinaweza kuwa nimonia na kisingoje. Na kuna upande wa pili ambao huwa hausemwi: vipimo vingi tunavyotumia hutafuta protini inayobaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Ikiwa mtoto amemaliza dawa mseto hivi karibuni, mwambie mhudumu kabla hajachoma kidole.

Sasa kwa nini mambo haya hayafiki nyumbani, wakati karibu kila nyumba ina mtoto anayesoma? Nina majibu, na si yote yanayofurahisha walimu wenzangu. Maabara zetu ni chache na vifaa vyake ni vya kutazamwa zaidi kuliko kuguswa. Mtihani unauliza mwanafunzi ataje, aorodheshe, afafanue. Na kikubwa zaidi, mtoto anasoma sayansi kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, akiingia kidato cha kwanza anahamia Kiingereza, na kuanzia siku hiyo anachojifunza hakina njia ya kurudi jikoni kwao. Nimekuwa na wanafunzi wanaopata alama za juu kwenye swali la vimeng'enya na wasioweza kumwambia mama yao kwa nini muhogo unalowekwa. Wanaijua mada, lakini hawajawahi kuisema kwa sauti kwa mtu wanayempenda.

Jando na unyago vilituzidi hapo. Yalikuwepo mengi ya kulaumiwa, na mengine bado yapo, ila aliyefundishwa kule alitarajiwa kuyatumia akitoka, nyumbani, kwa lugha ile ile aliyofundishwa.

Kwa hiyo nimeongeza zoezi ambalo halimo kwenye silabasi. Kila mada inayogusa mwili, mwanafunzi anakwenda kuieleza nyumbani kwa Kiswahili, au Kimakonde, na kesho analeta swali aliloulizwa. Sihitaji kujua kama alielewa. Nahitaji swali, kwa sababu mtu akikuuliza swali la maana unajua alikusikia. Mengine yananishinda, nayapeleka kwa mganga wa zahanati, naye mengine yanamshinda. Mjomba wa mtu aliuliza kama vumbi la salfa tunalopuliza kwenye mikorosho dhidi ya ubwiriunga linaua pia mbu. Mama mmoja alitaka kujua kwa nini mtoto wa kwanza aliumwa chikungunya viungo vikamsumbua kwa miezi na wa pili akapona mapema, wakati walilala kitanda kimoja.

Swali lililotuchukua muda mrefu kuliko yote lilitoka kwa babu wa mwanafunzi wa kidato cha pili. Kama minyoo ya matende inaishi miaka mingi, babu aliuliza, kwa nini dawa ni mara moja tu kwa mwaka, na kwa nini wanarudi kila mwaka? Tuliliandika ubaoni. Dawa inaua vijinyoo vichanga vizuri, lakini minyoo mikubwa haiimalizi, nayo huishi miaka 6 hadi 8 ikiendelea kuzaa. Unachofanya kila mwaka ni kufagia watoto wake ili mbu asipate cha kubeba, mpaka wazazi wafe kwa uzee. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka angalau raundi 5, na katika kila raundi wameze angalau asilimia 65 ya watu wote wa eneo. Darasa likapiga hesabu ya kijiji chao, wangapi wangehitajika kumeza. Walibishana vibaya kuhusu watoto wa chini ya miaka 5, ambao hawapewi lakini wamo kwenye idadi.

Mwanafunzi akarudi kwa babu na jibu. Kesho yake akaja na lingine: babu anasema yeye ameshameza raundi zake zote, hajakosa, sasa anataka kujua ni jirani yupi anayemrudishia minyoo. Nikamwambia amjibu babu kwamba hajulikani kwa kumtazama, kwa sababu wengi wanaobeba hawana dalili yoyote, na raundi zake zimepunguza vijinyoo damuni mwake lakini hazithibitishi kwamba minyoo mikubwa imeisha, kwa hiyo jirani huyo anaweza kuwa babu mwenyewe.